Maji, Matofali na Majina: Mtaa wa HafenCity wa Hamburg Ukisomwa kutoka Pwani ya Waswahili

Ikisiri

Makala hii inaeleza usanifu wa majengo na mandhari ya mtaa wa HafenCity, uliojengwa mahali palipokuwa bandari ya zamani ya jiji la Hamburg, Ujerumani. Inaonyesha jinsi mtaa huo ulivyokabili mafuriko, jinsi ghala la kakao lilivyogeuzwa kuwa ukumbi wa muziki, na jinsi viwanja na barabara zake zilivyopewa majina. Hoja inayotetewa ni kwamba HafenCity imefaulu zaidi katika kujibu swali la maji kuliko katika kujibu swali la kumbukumbu, na kwamba msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya kihistoria ya kuusoma mtaa huo kwa makini, kwa kuwa sehemu ya historia iliyopita katika magati yake ni historia ya pwani yake mwenyewe.

1.0 Utangulizi

Kusini mwa kitovu cha kale cha Hamburg, baina ya jiji na Mto Elbe, kuna mtaa wa vioo, matofali na maji ambao robo karne iliyopita haukuwapo. Palikuwa na magati, reli, maghala na uzio wa forodha. Mwananchi wa kawaida hakuingia bila sababu. Tarehe 7 Mei 1997, Meya Henning Voscherau alitangaza kwamba bandari hiyo ya zamani ingegeuzwa kuwa mtaa wa makazi, ofisi na starehe. Ramani kuu ya ujenzi iliidhinishwa mwaka 2000, ikitokana na pendekezo la kundi lililoongozwa na mbunifu wa Kiholanzi Kees Christiaanse. Eneo zima lina hekta 157, ambazo takribani 127 ni nchi kavu, na kukamilika kwake kunakipanua kitovu cha jiji kwa asilimia 40. Ni nadra jiji la Ulaya lenye umri mkubwa kupata nafasi ya namna hiyo katikati yake.

Nafasi hiyo haikupatikana kwa sababu bandari ilikufa. Ilihama. Vidaka vya maji vilivyochimbwa katika karne ya 19 vilifaa kwa meli zilizopakuliwa kwa winchi na mabega ya makuli. Kontena lilihitaji yadi pana, maji yenye kina na kreni kubwa, na hivyo vyote vilipatikana ng'ambo ya kusini ya mto. Mapato ya kuuza viwanja vya HafenCity yalikusudiwa kusaidia kugharimia kituo kipya cha makontena cha Altenwerder, kilichoanza kazi mwaka 2002. Kwa maneno mengine, bandari ya zamani iliuzwa ili bandari mpya ijengwe. Wakazi wa Mombasa hawahitaji kuelezwa sana jambo hili: Bandari ya Kale ilibakiwa na majahazi pale meli kubwa zilipohamia Kilindini, na mji ukabaki na ufuo uliojaa historia lakini uliopungukiwa na kazi.

2.0 Mji wa Maghala Uliotangulia

Hakuna anayeweza kuieleza HafenCity bila kupita kwanza Speicherstadt, yaani mji wa maghala, ulioko baina yake na jiji la kale. Hamburg ilipokubali kuingia katika umoja wa forodha wa Dola ya Ujerumani, ilipewa ruhusa ya kubaki na eneo huru la bandari ambamo bidhaa zingehifadhiwa bila kulipiwa ushuru. Ili kupata eneo hilo, mitaa iliyokuwa na watu ilibomolewa kuanzia mwaka 1883, na takribani watu 20,000 wakahamishwa. Wengi walikuwa vibarua wa bandari, na waliopelekwa mbali walilazimika kutembea umbali mrefu kila alfajiri kwenda kazini mahali palipokuwa nyumbani kwao. Mwaka 1888 Kaisari Wilhelm II alifungua sehemu ya kwanza.

Msomaji wa pwani atakumbuka kwamba mwaka huohuo wa 1883 ndio ambao Sultani Barghash alijenga Beit al-Ajaib mbele ya bahari ya Unguja. Majengo hayo mawili hayafanani hata kidogo, lakini yote yalizaliwa na biashara ileile ya bahari. Wafanyabiashara wa Hamburg walikuwa wamekwisha kuwapo Unguja kwa miongo kadhaa. Kampuni ya O'Swald ilifungua tawi lake huko mwaka 1849, ikafuatwa na Hansing, na mwaka 1859 miji ya Hansa ilitia saini mkataba wa biashara na Sultani Majid. Bidhaa iliyowatajirisha mwanzoni haikuwa karafuu peke yake. Walinunua kauri katika pwani ya Afrika Mashariki na kwenda kuziuza Afrika Magharibi, ambako zilitumika kama fedha.

Kwa usanifu wake, Speicherstadt ni kazi ya matofali mekundu ya kuchoma, yenye minara midogo, mapaa yaliyochongoka na vigae vya shaba vilivyogeuka kijani. Mhandisi mkuu alikuwa Franz Andreas Meyer. Ghala moja lina pande mbili za kufanyia kazi: upande mmoja unatazama mfereji, ambako mashua zilifunga zikisubiri maji kujaa, na upande wa pili unatazama barabara. Juu ya kila safu ya milango, chini ya paa, kuna winchi iliyoinua magunia hadi orofa iliyotakiwa. Kahawa, chai, kakao, viungo na mazulia vilikaa humo kwa sababu kuta nene za matofali zililinda joto na unyevu visibadilike ghafla. Uzito wote huo umesimama juu ya maelfu ya nguzo za miti zilizokitwa katika tope. Mwaka 2015 mtaa huu, pamoja na mtaa jirani wa ofisi wenye jengo maarufu la Chilehaus la mbunifu Fritz Höger, uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Wabunifu wa HafenCity walikuwa na deni kwa jirani huyu. Ndiyo maana majengo mengi mapya yaliyo karibu na Speicherstadt yamevikwa matofali, na yanayokaribia mto yamefunguka kwa vioo. Kwa mwenye kutembea kutoka kaskazini kwenda kusini, rangi ya mji hufifia hatua kwa hatua kutoka wekundu hadi weupe.

3.0 Kujenga Nje ya Tuta

Hamburg iko takribani kilomita 100 kutoka Bahari ya Kaskazini, lakini Elbe hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kwa tofauti ya zaidi ya mita 3, kiasi ambacho hakitamshangaza mvuvi wa Kunduchi wakati wa bamvua. Hatari huja pale dhoruba ya kaskazini-magharibi inapokutana na maji kujaa. Mlango wa mto ni mpana na ndani ni mwembamba, hivyo bahari inayosukumwa na upepo hupanda kila inapozidi kuingia bara. Usiku wa kuamkia 17 Februari 1962 matuta ya kuzuia maji yalipasuka na watu 315 walikufa Hamburg, wengi wao wakiwa wakazi wa Wilhelmsburg, ng'ambo ya mto. Tangu wakati huo jiji limejenga na kuinua matuta yake mara kadhaa. Tatizo ni kwamba bandari ya zamani ilikuwa nje ya tuta kuu, na kwa hiyo HafenCity pia iko nje.

Njia ya kwanza iliyofikiriwa ni ile inayomjia mtu yeyote kichwani: kuuzungushia mtaa wote tuta. Ilikataliwa kwa sababu mbili. Kwanza, tuta lingepaswa kukamilika lote kabla nyumba ya kwanza haijakaliwa, ilhali fedha zilitarajiwa kuja kidogo kidogo kadiri viwanja vilivyouzwa. Pili, mtu aliyenunua nyumba kando ya maji angejikuta anatazama ukuta.

Njia iliyochaguliwa ni ya kale kuliko jiji lenyewe. Wakazi wa visiwa vya chini vya Bahari ya Kaskazini wamekuwa wakijenga nyumba zao juu ya vilima vya udongo walivyovipandisha kwa mikono, ambavyo kwa Kijerumani huitwa Warft. HafenCity iliichukua rai hiyo na kuifanya kanuni: kila jengo hukaa juu ya kiinuko chake, mita 8 hadi 9 juu ya usawa wa bahari, na barabara mpya nazo zimeinuliwa kiasi hichohicho. Njia za waendao kwa miguu kando ya vidaka zimeachwa chini, katika kimo cha zamani cha magati, mita 4 hadi 5 na nusu. Kiinuko chenyewe hakikujazwa udongo mtupu. Ndani yake yamewekwa maegesho ya magari, na milango yake hufungwa kwa mbao za chuma maji yanapotarajiwa. Madaraja na vijia vya juu huhakikisha kwamba zimamoto na gari la wagonjwa vitafika hata kama ukingo umezama.

Matokeo yake ni mji wa ngazi mbili. Ngazi ya chini ni ya maji na watu wanaopenda maji. Ngazi ya juu ni ya maisha ya kila siku. Dhoruba ya Desemba 2013 ilipoyapandisha maji hadi mita 6.09, ngazi ya chini ilizama na ya juu ikabaki kavu. Kwa mhandisi hilo ndilo lililotakiwa. Mtaa uliruhusu maji yaingie pale yalipokuwa yakiingia siku zote, ukaondoa njiani mwake vitu vya thamani.

Hapa Kiswahili kinakabiliwa na kazi ya istilahi. Neno tuta halifai kwa Warft, kwa sababu tuta ni refu na kazi yake ni kuzuia, ilhali Warft ni duara au mraba na kazi yake ni kuinua. Msingi nao kwa kawaida hufikiriwa kuwa chini ya ardhi. Pengine jukwaa la msingi lingetosha, na neno hilo lina faida ya kukumbusha kwamba nyumba za mawe za Lamu na Unguja nazo huinuliwa juu ya njia, na baraza yake ndiyo inayounganisha ngazi ya barabara na ngazi ya mlango. Suala hili si la wanaleksikografia peke yao. Katika miaka ya karibuni Ziwa Tanganyika limepanda na kuwahamisha watu wengi wa Gatumba, jirani na Bujumbura. Mjadala wa ama kuzuia maji, ama kuinua nyumba, ama kuhama, unafanyika sasa hivi katika lugha za watu wanaohusika, na watu hao wanastahili kuwa na maneno ya kuufanyia.

4.0 Ghala la Kakao Lililobeba Ukumbi

Alama kuu ya mtaa ni Elbphilharmonie, iliyoko kwenye ncha ya magharibi ambapo nchi kavu inaingia mtoni kama pua ya jahazi. Ukiitazama kwa mbali huona majengo mawili, moja limekalia jingine. La chini ni ghala la matofali liitwalo Kaispeicher A, kazi ya mbunifu Werner Kallmorgen, lililojengwa katika miaka ya 1960 kwa ajili ya kakao, chai na tumbaku. Ni jengo lisilo na madaha: ukuta mzito, matundu madogo, hakuna pambo. La juu ni la vioo, na paa lake limepanda na kushuka kama mawimbi hadi kufikia mita 110. Wabunifu wake ni Herzog & de Meuron wa Uswisi.

Kwamba jengo la juu lilijengwa juu ya la chini ni kweli kwa nusu tu. Ndani ya ghala palikombwa pakabaki kuta za nje; sakafu zote ni mpya. Ghala lilikuwa limesimama juu ya nguzo 1,111, na nyingine 650 zikaongezwa ili kuubeba mzigo mpya wa tani zipatazo 200,000 kwa jumla. Kilichohifadhiwa, basi, ni sura ya ghala kuliko ghala lenyewe. Wapo wanaoona huo ni udanganyifu wa kisanii. Hata hivyo, kama ghala lingebomolewa, ncha ile ya mto isingebaki na kitu chochote cha kuonyesha kwamba bandari ilikuwa mahali pa kazi.

Mgeni huingia kwa ngazi ya umeme yenye urefu wa mita 82, iliyopindika kidogo kiasi kwamba aliye chini haoni mwisho wake. Inamfikisha, baada ya kuunganisha na nyingine fupi, kwenye Plaza, uwanda ulioko mita 37 juu ya ardhi, pale hasa matofali yanapokoma na vioo vinapoanza. Plaza ni ya umma. Asiye na tiketi ya tamasha hupanda pia, akazunguka nje na kuitazama bandari. Katika jengo lenye hoteli na nyumba za matajiri, uamuzi wa kuiacha sehemu nzuri kuliko zote iwe ya kila mtu ndio uamuzi wa kibunifu unaostahili kusifiwa zaidi, kuliko hata paa.

Ukumbi mkuu una viti 2,100, na viti vimepangwa kwa kuwazunguka wanamuziki, kama matuta ya shamba kwenye mteremko wa mlima, hata hakuna msikilizaji aliye mbali zaidi ya mita 30 kutoka kwa kiongozi wa okestra. Kuta na dari zimefunikwa na vibao takribani 10,000 vya jasi na nyuzinyuzi, kila kimoja kikiwa kimechongwa vishimo vya kina tofauti. Mtaalamu wa sauti Yasuhisa Toyota alivihitaji vishimo hivyo kwa sababu ukuta laini hurudisha sauti kwa mwelekeo mmoja na kuleta mwangwi mkali, ilhali ukuta wenye mashimo huitawanya. Ukumbi wote, wenye uzito wa tani 12,500, umekalishwa juu ya springi 362 ili honi za meli zisiingie ndani wala ngoma za ndani zisiwasumbue waliolala hotelini.

Gharama zake ni habari nyingine. Mwanzoni wananchi waliambiwa kwamba jiji lingetoa yuro milioni 77. Jengo lilipofunguliwa tarehe 11 Januari 2017, jumla ilikuwa imefika milioni 866, na sehemu ya jiji peke yake ilikuwa milioni 789. Ujenzi ulisimama kwa zaidi ya mwaka mmoja kuanzia mwishoni mwa 2011. Kamati ya uchunguzi ya bunge la jiji ilifuatilia chanzo, na kiini chake kinaeleweka hata kwa asiye mhandisi: mkataba wa ujenzi ulifungwa kabla michoro haijakamilika. Kila mchoro ulipobadilika, palikuwa na deni jipya, na jiji, wabunifu na mkandarasi hawakuwa wakifungwa na mkataba mmoja. Leo watu wa Hamburg wanaliita jengo hilo kwa jina la kubembeleza, Elphi, na hasira imepungua. Kupungua kwa hasira, bila shaka, hakurudishi fedha.

5.0 Majengo Mengine, kwa Ufupi

Majengo mengi ya HafenCity ni ofisi na nyumba za ghorofa za kawaida, na haitakuwa haki kuyadai yawe zaidi ya hapo. Machache yanastahili kutajwa. Kaispeicher B ya mwaka 1879, ghala kongwe zaidi lililosalia mtaani, imekuwa jumba la makumbusho ya bahari tangu 2008. Jengo la Unilever na mnara wa makazi wa Marco Polo ulio jirani nalo, yote mawili kazi ya Behnisch Architekten, yanatazama mto. La kwanza limevikwa utando mwepesi wa plastiki mbele ya vioo ili kupunguza nguvu ya upepo. Vituo vya treni ya U4, iliyoanza mwaka 2012, vina mvuto wao. Katika kile cha HafenCity Universität masanduku makubwa ya mwanga yanayoning'inia darini hubadilika rangi taratibu.

Terasi za Magellan na za Marco Polo, zilizobuniwa na ofisi ya Benedetta Tagliabue ya Barcelona, hushuka kwa vidato hadi majini. Watu huketi juu ya vidato hivyo jioni bila kununua chochote. Mswahili angeziita baraza bila kusita, kwa kuwa kazi yake ni ileile: kumpa mpita njia sababu ya kukaa.

Upande wa mashariki, karibu na madaraja ya Elbe, kuna jengo lisilokamilika. Elbtower, lililobuniwa na David Chipperfield na kupangwa kufikia mita 245, lilisimama Oktoba 2023 likiwa na mita 100 hivi, baada ya mwenye mradi kuishiwa fedha. Wenyeji wakalibandika jina la utani la Olaf Mfupi, wakimkumbuka Olaf Scholz aliyelitangaza alipokuwa meya. Mwezi huohuo, katika eneo jingine la ujenzi mtaani humo, wafanyakazi watano walikufa jukwaa la ujenzi lilipoporomoka. Wageni hupiga picha za mnara uliokwama. Vifo hivyo havina mnara.

6.0 Majina

Tarehe 10 Mei 2017, miezi minne baada ya Elbphilharmonie kufunguliwa, mahali pa kumbukumbu palizinduliwa katika bustani ya Lohsepark, katikati ya HafenCity. Hapo palikuwa na stesheni ya Hannoverscher Bahnhof, ambamo baina ya mwaka 1940 na 1945 Wayahudi, Wasinti na Waroma zaidi ya 8,000 walipakiwa katika treni 20 kupelekwa kwenye mageto na kambi za mauti. Njia ya kumbukumbu imekatwa kishazari kuipasua bustani kwa kufuata reli ya zamani, na majina ya waliopelekwa yameandikwa kwenye meza za mawe. Ni kazi ya heshima. Inaonyesha kwamba mtaa mpya unaweza, ukitaka, kukubali kukatwa katikati na historia yake.

Mwendo mfupi kutoka hapo kipo kidaka cha Baakenhafen, ambacho sasa kimezungukwa na nyumba mpya, theluthi yake hivi zikiwa za kodi nafuu. Katika magati ya kidaka hiki zilifunga meli za kampuni ya Woermann, na sehemu kubwa ya askari wa Kijerumani waliokwenda kuwaangamiza Waherero na Wanama nchini Namibia kuanzia mwaka 1904 walipakiwa hapa. Hamburg ndiyo pia iliyokuwa makao ya kampuni ya meli ya Deutsche Ost-Afrika-Linie, iliyoanzishwa mwaka 1890 kuiunganisha Ujerumani na Dar es Salaam, Tanga na Unguja. Watafiti na wanaharakati wamekuwa wakidai kwa miaka mingi kwamba Baakenhafen ipate alama inayolingana na uzito wa jambo hilo. Mwaka 2014 Chuo Kikuu cha Hamburg kilianzisha kituo cha utafiti wa urithi wa ukoloni wa jiji, kilichoongozwa na mwanahistoria Jürgen Zimmerer. Chuo hicho chenyewe kina asili yake katika Taasisi ya Ukoloni iliyoanzishwa 1908, ambamo Carl Meinhof alifundisha lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwamo, kwa maofisa waliokuwa wakienda makoloni.

Badala yake, mtaa ulipewa majina ya mabaharia: uwanja wa Vasco da Gama, terasi za Magellan, terasi za Marco Polo, uwanja wa Amerigo Vespucci. Waliochagua walitaka harufu ya bahari na safari za mbali. Katika pwani ya Waswahili majina hayo yana harufu nyingine. Vasco da Gama alipita Mombasa na Malindi mwaka 1498; aliporudi mwaka 1502 alimlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa kodi kwa vitisho vya mizinga. Magellan, kabla ya safari iliyompa umaarufu, alikuwa kijana katika msafara wa Francisco de Almeida wa mwaka 1505, ambao uliipora Kilwa na kuichoma Mombasa. Hakuna jambo la siri katika haya. Yamo katika vitabu vya shule. Inaelekea tu kwamba hakuna aliyeuliza jinsi majina hayo yanavyosikika upande wa pili wa safari.

Mtu anaweza kujibu kwamba jina la uwanja si jambo kubwa. Historia ya Hamburg yenyewe inapinga. Sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana aliyeuvunja kwa silaha upinzani wa pwani, ilisimamishwa Dar es Salaam mwaka 1909, ikaletwa Ujerumani baada ya vita na kusimikwa mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg mwaka 1922. Wanafunzi waliiangusha mwaka 1967, na ilipoinuliwa wakaiangusha tena 1968. Na katika mtaa mwingine wa jiji hilo, uwanja uliopewa jina la Emily Ruete, yaani Sayyida Salme binti Said wa Unguja, aliyeolewa na mfanyabiashara wa Hamburg na kuzikwa katika makaburi ya Ohlsdorf, ulinyang'anywa jina hilo baada ya muda mfupi, kwa sababu ya aliyoyaandika kuhusu utumwa na Waafrika. Jiji lililoweza kumpima binti wa Sultani kwa mizani hiyo halina sababu ya kushindwa kumpima Vasco da Gama.

Ugumu wa kesi ya Sayyida Salme ni kwamba wengi wa pwani wangetoa hukumu tofauti, au wasingekubaliana wao kwa wao. Alikuwa binti wa nyumba iliyomiliki watumwa, na pia alikuwa mwanamke wa Unguja aliyeandika maisha yake mwenyewe na kuyachapisha mwaka 1886, wakati ambapo wengine ndio waliokuwa wakiyaandika maisha ya watu wa pwani. Mjadala huo ulifanyika kwa Kijerumani, Hamburg. Ungeweza kufanyika kwa Kiswahili, Unguja, na ukatoa jibu jingine.

7.0 Bandari Mbili

Mwaka 2010 Hamburg na Dar es Salaam zilitia saini makubaliano ya kuwa miji dada, na HafenCity ikapata uwanja uitwao Dar-es-Salaam-Platz, ukiwa miongoni mwa barabara zenye majina ya Shanghai na Osaka. Jina hilo ni la aina tofauti na yale ya mabaharia. Halimtaji aliyesafiri, linataja mahali alipofika, na mahali hapo bado pana watu wanaoweza kuulizwa.

Katika Dar es Salaam, kando ya bandari, limesimama Boma la Kale, lililojengwa kwa matumbawe na chokaa wakati wa Sultani Majid, mwaka 1866 na 1867, likatumiwa na Wajerumani, na baadaye na Waingereza. Tangu 2017 lina kituo cha urithi wa usanifu wa jiji hilo. Nyuma yake na kando yake minara ya vioo imepanda, nayo inatazama maji yaleyale. Mpango wa ufuo wa Kivukoni, pale utakapojadiliwa, utakutana na maswali yote matatu ambayo HafenCity ilikutana nayo: maji yapande hadi wapi, nani alipe, na viwanja viitwe nani. Hamburg ilianza na swali la kwanza, ikatumia fedha nyingi mno kwa la pili, na la tatu ikalijibu kwa haraka. Dar es Salaam haijafungwa kuufuata mpangilio huo. Makuli wa gati la Kivukoni walikuwa na majina, na baadhi ya wajukuu wao bado wanaishi Kariakoo na Ilala.